Kiko Chenye Alama ya Jino

Jumatano, 6 Novemba 1861
Mvua, mji mzima wa Haarlem. Leo nimetimiza miaka kumi na minane. Hakuna aliyekumbuka. Baba angenikatia kipande cha mwisho wa mkate, kile kilichoungua kidogo.
Kiko chake cha udongo bado kinaning'inia ukutani kilabuni kwa Mzee Teunis, tangu tulipomzika Juni. Kina alama ya jino lake. Teunis kanikumbusha desturi: kiko cha marehemu huvunjwa sikukuu ya Mtakatifu Martin, yaani Jumatatu, isipokuwa mwanawe mtu mzima akivute mbele ya wazee mpaka majivu, bila kukohoa. Nikamwambia mimi ni mtu mzima. Akauliza basi mbona nimekaa benchi la mlangoni, la watoto.
Hakivunjwi! Naapa.

Alhamisi, 7 Novemba
Nimefanya mazoezi ya tumbaku jikoni. Nimetapika kwenye ndoo ya kabichi ya Shangazi Griet. Sikusema. Kabichi imepikwa. Nimedai sina njaa.

Jumamosi, 9 Novemba
Masharubu! Manyoya ya farasi na gundi ya baba, aliyokuwa akijalidia vitabu. Nikaingia kilabuni kwa kishindo. Binamu Joost, mwenye masharubu ya kuzaliwa nayo, alikuwa anakula supu ya njegere. Nami nikaagiza. Mvuke ukalegeza gundi. Joost akapaza sauti: "Mzee Teunis, supu ya Wouter ina panya!" Wakacheka wote. Nikacheka nao.
Nikatembea peke yangu kando ya mfereji. Gundi inanuka kama mikono ya baba. Sijanawa.

Jumapili, 10 Novemba
Hila kuu! Shangazi ana maua makavu ya kamomili, dawa ya tumbo. Nitayashindilia kikoni, juu tumbaku kidogo ya kufichia. Hakuna pua itakayojua.

Jumatatu, 11 Novemba
Nilikiwasha. Joost akasema kilabu kinanuka kama kitanda cha bibi yake. Teunis akamwambia afunge mdomo.
Kisha jino langu likaangukia kwenye ile alama. Likakaa sawasawa. Machozi yakatoka, sikuweza kuyazuia, lakini nilivuta mpaka majivu. Joost akadai nimeshindwa, nimelia. Teunis akamjibu, "Desturi yetu inakataza kukohoa, dogo. Kulia, hata mimi nililia. Kaa chini." Akanisogezea kiti cha baba, meza kubwa. Akaninong'oneza nimletee mkewe maua yale, tumbo linamsumbua.
Nikakimbia nyumbani kumsimulia baba. Nilikuwa nimeshafungua mlango nilipokumbuka.

Jumanne, 12 Novemba
Wamedanganyika wote! Kamomili imewaweza! Teunis hakushuku lolote. Sijui alitaka maua gani.
Amebaki Joost. Nimepata gundi ya maseremala, haiogopi mvuke. Farasi wa mchungaji ana mkia mrefu. Ni mweupe, lakini rangi ya viatu ipo.