Akina Ansari Sebuleni Kwangu

Jumatatu, 2 Juni
Fundi cherehani wa duka la pili kanikubali! Kaka yake ndiye kisiki. Kasema hamtoi dada yake kwa fundi saa asiyejulikana atokako. Mimi! Ansari! Nikamwambia jina hili lilianzia Madina, kwa watu waliompokea Mtume, na Alhamisi nitamwonyesha ukoo wangu mzima. Kasema atakuja. Nimemweza.

Jumanne, 3 Juni
Nimebandika tangazo mlangoni: akina Ansari wote wanakaribishwa chai kwangu. Natarajia watu watano, wenye heshima zao. Daktari mmoja hatakosekana.

Alhamisi, 5 Juni
Balaa! Wamejaa hadi kwenye ngazi. Wauza nyama, dereva wa lori, mchomeleaji vyuma, mapacha wa saluni. Daktari hakuna. Na hakuna anayemjua mwenzake! Mmoja kasema wazee wake walivuka bahari, mwingine milima. Wa tatu babu yake alipenda tu jina la mwalimu wake, akalichukua. Kaka mtu kakaa pembeni, anakunywa chai yangu na kutabasamu.

Nikamwomba shangazi aninusuru, awaeleze sisi hasa tumetoka wapi. Akaeleza. Babu alikuwa yatima, hana pa kulala. Fundi viatu mmoja, Ansari, akamchukua, akampa godoro. Siku ya kumwandikisha shule, akampa na jina. Basi hatukutoka Madina. Tumetoka nyuma ya kibanda cha viatu.

Nilitamani ardhi inimeze. Mchomeleaji anafuta macho kwa kofia. Kisha fundi cherehani akainuka, akamjazia shangazi kikombe, akaja kuketi karibu nami mbele ya wote. Nampenda mpaka naogopa.

Ijumaa, 6 Juni
Kaka mtu kaja dukani na saa mbovu. Kasema yeye angempa huyo fundi viatu dada yake bila kuuliza. Mimi atanijaribu tu, kwa heshima ya marehemu. Harusi mwezi ujao! Fundi cherehani kanishika mkono, kaniomba jambo moja: nisijitafutie tena ukoo wa kujivunia, huu unamtosha. Nimeapa, machozi yananitoka.

Jumapili, 8 Juni
Nimeitazama vizuri nyundo ya yule fundi viatu, aliyoturithisha babu. Mpini umenakshiwa! Fundi wa kawaida aipate wapi nyundo kama hii? Yule mzee alikuwa mwana wa mfalme, amejificha. Mke wangu mtarajiwa atafurahi mno.

Nimebandika tangazo jipya.