Amri Moja kwa Majokofu Yote

Jumatatu, 3 Machi
Skrini imeganda tena. Programu yetu huchunga baridi ya majokofu yote ya hospitali, na joto la vyumba pia. Kila nikibadilisha viwango vya kengele, inaviandika kwenye hifadhidata kimoja kimoja, kama mtu anayejaza pipa kwa kijiko. Ikiandika, haioni. Chanjo zinaweza kuharibika tusijue. Meneja kasema ikiganda tena Alhamisi, kiti changu anapewa Shemeji, mdogo wa marehemu mke wangu. Shemeji kasema hana haraka. Akakikalia kidogo, kukijaribu tu.

Jumanne, 4 Machi
Nimepata dawa. Badala ya amri elfu, amri moja: badilisha vyote kwa mkupuo. Nimeijaribu kwenye kompyuta ya majaribio. Nilibonyeza, nikainua kikombe. Hakijafika mdomoni, kazi imekwisha. Nikakirudisha mezani polepole, kama niliye msikitini. Sijaona kitu cha namna hiyo tangu enzi za kwetu, umeme uliporudi tukiwa mlimani, mji mzima ukawaka bila mkono wa mtu kuonekana. Shemeji akachungulia, akasema, “Shemeji, leo umeota meno mapya.” Kanishauri niweke nakala ya akiba kwanza. Wivu huo.

Alhamisi, 6 Machi
Ilikuwa zamu ya viwango vya chumba cha maiti. Meneja kasimama nyuma yangu. Nikabonyeza. Kufumba na kufumbua, hospitali nzima ikawa chumba cha maiti. Kengele zote zikalia. Ofisi ya Meneja ikaripotiwa kuwa na joto lisilomfaa marehemu. Nilimwonyesha kwamba skrini haikuganda hata kidogo. Hakufurahi.

Shemeji akarudisha viwango kutoka nakala aliyoiweka mwenyewe, kimyakimya. Kisha akaniinamia: “Wapi, Shemeji? Hukuiambia ibadilishe wapi.”

Kweli. Umri wote huu ugenini sijawaza neno jingine, na leo ndilo nililolisahau.

Lakini kasi ile!

Jumamosi, 8 Machi
Kiti kachukua Shemeji. Mimi nimepewa lifti. Nazo zinaandikwa moja moja, inasikitisha kutazama. Shemeji ameniomba nimwite kabla sijagusa chochote. Nimemwahidi. Jumatatu nitazipa lifti zote amri moja, halafu nitamwita aje ashangae.