Ndege Juu ya Shuka la Wageni

Jumatatu, 3 Novemba

Tangazo limebandikwa kazini. Idara inatafuta picha za kalenda ya mwaka ujao: ndege, maua au mandhari. Wafanyakazi na familia zao wanakaribishwa. Mwisho ni Jumatatu ijayo. Huu ndio mwaka wangu. Nilisema hivyo mwaka jana pia, na mwaka juzi, lakini safari hizo sikuwa nimejiandaa.

Nimefika nyumbani hoi. Mke wangu ni fundi wa nguo, na cherehani yake inakaa juu ya meza ya chakula, kwa hiyo tumekula sahani zikiwa mapajani kama abiria. Ameniambia miaka mitatu inatosha. Kile chumba cha nyuma ninachokiita studio, chenye stendi ya kamera na kiti kibovu, anakitaka kwa kazi yake. Nikamwahidi: nikikosa kuingiza picha kwenye kalenda, chumba ni chake. Tukaandikiana, tukatia saini, nikafungua faili. Mimi ni karani wa masjala. Siachi jambo likining'inia.

Jumatano, 5 Novemba

Mandhari. Nimeamka alfajiri nikapanda kilima cha tangi la maji ili nipige picha jua likichomoza. Ukungu. Nikasubiri saa mbili. Ukungu nao ukasubiri. Nimerudi na picha arobaini. Mke wangu amezitazama zote, moja moja, kwa adabu, kisha akauliza ukuta huo ni wa nani.

Kazini nimechelewa, halafu nikasinzia juu ya faili la likizo. Mtunza stoo, tunayemwita Profesa, ambaye waridi lake lilikuwa kwenye jalada la kalenda mwaka huu, amenigusa bega na kunishauri nianze na vitu visivyotembea. Alipoona nimenuna akaongeza: mawe, kwa mfano.

Alhamisi, 6 Novemba

Kwetu hakuna maua. Kuna kamba ya nguo na nguzo mbili. Maua yako kwa jirani yetu Sista, muuguzi mstaafu, ambaye huyapitia asubuhi na jioni kama wagonjwa wodini. Ni mekundu, na chozi, yule ndege mdogo anayeng'aa, mwenye mdomo uliopinda, haishi kuja kuyanyonya. Namtaka ndege huyo kwa miaka mitatu sasa.

Nimeomba kwa heshima kuingia na kamera. Sista amekataa. Hajasahau siku stendi yangu ilipoangukia miche yake yote ya nyanya. Si yote. Mmoja ulipona.

Nimepanda kiti nikapiga picha juu ya ukuta. Nimepata mikia mitatu.

Jumamosi, 8 Novemba

Sista amekwenda kulala kwa binti yake, atarudi Jumatatu. Nimewaza siku nzima. Ndege hana haja na Sista, ana haja na maua. Basi maua yahamie kwangu. Matawi kumi na mawili tu, yatachipua tena. Kamba za kuyafungia ninazo: zile za kijani za kufungia mafaili. Ziko kumi na mbili kwenye begi langu la kazini. Sijui zilifikaje humo.

Jumapili, 9 Novemba

Nimekata matawi kabla watu hawajaamka. Kumi na moja nikayafunga kwenye nguzo ya nguo. Nikakaa mbele yake juu ya kiti kibovu na kujifunika shuka la kijani la wageni, ambalo nilikuwa nimelitoboa tundu la kamera. Tundu dogo. Tawi la kumi na mbili nikalifunga utosini, juu ya shuka, nifanane na kichaka.

Saa tatu nzima. Jasho, mgongo, kiu. Mbele yangu hakuna ndege hata mmoja. Sisimizi walikuja, wakapanda nguzo, halafu wakapanda mguu wangu. Wakati fulani nilihisi kitu chepesi kichwani, kama jani. Sikutikisika, nisije nikawatisha ndege. Nikasikia mlango wa jikoni ukifunguliwa, na mke wangu akianza kusema jambo kuhusu shuka. Mara akanyamaza. Hajaligusia tena kutwa nzima. Ana heshima sana akimwona mtu yuko kazini. Nimemwonea huruma kidogo, anavyoshona amebanwa pale mezani.

Jumatatu, 10 Novemba

Siku ya mwisho. Nimepeleka ile mikia mitatu na kuipa jina "Kwaheri". Katibu muhtasi anayepokea picha ameitazama, akaigeuza juu chini, akaitazama tena.

Jioni Sista amerudi. Amesimama ukutani akauliza nani ameyafanyia hivi maua yake. Nikasema mbuzi. Akauliza mbuzi gani. Basi nikamweleza: wa kahawia, pembe moja, anachechemea. Akanishukuru. Akasema alikuwa ameanza kunidhania mimi, na anaomba radhi.

Ijumaa, 14 Novemba

Matokeo yamebandikwa. Profesa hayumo kwenye jalada. Nimefurahi kwa sekunde nne.

Jaladani yuko chozi. Kila unyoya unaonekana. Ametua kwenye ua jekundu, na ua limefungwa juu ya kichaka cha ajabu chenye viatu vyangu vya kahawia. Nyuma yake kuna nguzo ya nguo, maua na kamba za kijani. Chini limeandikwa jina la mke wangu. Amepiga kwa simu.

Mkuu wa masjala amesimama kando yangu kwa muda mrefu, miwani kwenye ncha ya pua. Habari za ndege hakuuliza. Amesema kamba zile anazifahamu, na anazitaka Jumatatu, zote. Profesa amenipa mkono na kunipongeza kwa kuingia kwenye kalenda hatimaye. Nimeumia, sitajificha. Miaka mitatu nimemsubiri ndege huyo, kumbe alikuwa kichwani kwangu.

Nyumbani, mke wangu alikuwa ameshamwonyesha Sista picha, kwa furaha tu. Habari za mbuzi hakuzijua. Sista alikuwa akinisubiri mlangoni. Amesema kwa upole kwamba kuhusu rangi ya kahawia sikudanganya.

Jumapili, 16 Novemba

Faili limefunguliwa. Mke wangu amesoma makubaliano kwa sauti mpaka kwenye saini. Nikajitetea kwamba nimo kwenye picha. Akasema kuwemo nimo, lakini mpigaji ni yeye. Nimeingiza stendi chini ya kitanda na kubeba cherehani mwenyewe. Shuka la wageni sasa ni pazia la chumba chake, na lile tundu amelifunika kwa kushonea ua jekundu. Tumekula mezani, viwiko juu. Kusema kweli ilikuwa raha.

Adhabu ya Sista ni hii: nimmwagilie bustani kila jioni kwa miezi miwili. Kamera marufuku, na getini ananikagua mifuko. Nimechoka, lakini mwanya nimeuona. Ndoo haikagui.

Kamba za Mkuu nimeziweka tayari, kumi na moja. Ya kumi na mbili nimefungia mfuko wa plastiki, kamera ikiwa ndani. Kesho itakaa ndani ya ndoo, chini kabisa, maji juu yake. Nimeikaza kwa meno. Hapo hapapiti hata tone.