Pua ya Bwana Kofia

Jumatatu, tarehe 5

Kifurushi kimefika. Namba kumi na mbili, ya mwisho. Nimekipokea mlangoni kwa mikono miwili kama mtoto mchanga, nikakagua pembe zote. Hakuna mbonyeo. Hakuna mkwaruzo. Nailoni inang'aa. Nimeliweka kasha kwenye rafu ya sebuleni, kisha nikarudi kinyumenyume hadi mlangoni ili nitazame vizuri.

Niandike hapa, ingawa shajara ni yangu na haya nayajua. Ni vichekesho vya zamani vya Hollywood, vilivyosafishwa upya picha kwa picha, makasha kumi na mawili ya diski. Ukiyapanga, migongo yake inaungana na kuwa uso wa mchekeshaji mwenyewe, ambaye hapa nyumbani tunamwita Bwana Kofia. Kofia ipo. Masikio yapo. Macho yapo. Katikati pana pengo jeusi lililomeza pua yote. Pua ni namba sita.

Namba sita niliikataa mwenyewe dukani. Ilikuwa na mbonyeo mdogo pembeni. Nilidhani italetwa nyingine. Haikuletwa, na kampuni imeacha kuitoa. Ile yenye mbonyeo akaja kuinunua shemeji, kaka wa mke wangu, fundi wa majokofu, asiyejua lolote kuhusu filamu. Jaladani pana mtu amebeba pande la barafu. Alidhani ni mafunzo ya kazi.

Mke wangu naye amenitangazia vita, kwa sauti ya upole, jambo lililonitia wasiwasi zaidi. Makasha yangu anayaita matofali. Cherehani yake imelala chini ya kitanda tangu tuhamie, na anapataka mahali pa rafu. Amenipa hadi Jumapili. Tukae wote, tufungue kasha moja, tucheke pamoja, na rafu itabaki. La sivyo itahamia koridoni, karibu na bafu. Penye mvuke!

Nikamweleza kwamba kuchana nailoni ni kuharibu mali. Akaniuliza mali hiyo inamfaa nani. Swali la mtu asiyekusanya.

Jumanne, tarehe 6

Nimemwendea shemeji kazini, nikamwomba tubadilishane. Kakubali hapo hapo, akataka namba tatu. Haiwezekani, hilo ni sikio. Basi namba tisa. Hilo ni jicho. Akaweka bisibisi chini, akaniuliza kama nimekula.

Kisha akasema filamu yenyewe hawezi kuitoa bure, kwa kuwa kila Jumamosi wanaitazama kwake, watoto wake na watoto wangu. Watoto wangu? Ndiyo, akasema, na mama yao. Miezi yote hii nilidhani wanakwenda kusalimia. Mimi Jumamosi huwa nafuta vumbi kwenye makasha.

Jumatano, tarehe 7

Mpango umeiva. Nimelegeza waya mmoja nyuma ya friji letu. Mmoja tu. Nikampigia simu shemeji kwamba friji limekufa. Yeye alipoingia kwangu na mkoba wa vifaa, mimi nikatokea kwake.

Sikumhesabu mama mkwe, anayeishi na mwanawe. Alikuwa anakunja nguo. Nikasema nimetumwa kuchukua filamu. Akasema karibu baba, mkwe hachukui kitu akiwa amesimama. Nikaketi. Kwa kuwa nimekuja kwa ajili ya filamu, akaniwekea filamu. Mungu wangu, diski aliishika kwa vidole vyote vitano.

Nikaona walau nimpe elimu kidogo. Nikasimama karibu na televisheni kumwonyesha jinsi vivuli vilivyosafishwa na mahali ambapo pangekuwa na mikwaruzo. Alisikiliza kwa heshima. Kisha akaniomba, baba, nisogee pembeni kidogo, yule mtu anakaribia kuanguka na barafu yake na yeye anamkosa.

Nimerudi mikono mitupu. Friji letu limetandazwa sakafuni vipande vipande. Shemeji anasema ule waya haukuwa kitu, lakini alipofungua amekuta ugonjwa halisi, na kipuri lazima kiagizwe. Nyama tumewagawia majirani. Mke wangu aliitazama rafu tu, kisha akaenda chumbani kupima urefu wa cherehani.

Ijumaa, tarehe 9

Mpango mpya, safi kuliko ule. Nitachapisha jalada la bandia, nilivishe kasha tupu, na kesho kwa shemeji nibadilishe kimyakimya. Hatajua. Mtu aliyedhani kichekesho ni somo la barafu hajui kitu.

Nimekwenda duka la vifaa vya ofisi na picha niliyoikata kwenye kijitabu cha matangazo. Mama wa mashine ya kuchapisha akaitazama picha ya mzee wa rangi nyeusi na nyeupe, kavaa kofia, akaniuliza kwa huruma msiba ni lini. Nikasema bado. Akanipa pole, akanipitisha mbele ya foleni. Watu wote wakanipisha. Nilipomwambia nataka pua iwe kubwa zaidi, alinishika mkono.

Jumamosi, tarehe 10

Kwa mara ya kwanza nimekwenda kwa shemeji na familia yangu. Mke wangu alinitazama kwa mshangao, akanipangusa kola. Sikumwambia kwamba ndani ya koti nina kasha.

Mapazia yakashushwa. Watoto sakafuni, mama mkwe kwenye kiti chake, mimi karibu na kabati. Bwana Kofia alipoanza kupanda ngazi na pande la barafu, nikabadilisha. Kasha la bandia kabatini, kasha halisi kotini. Kazi safi kabisa.

Ndipo nikakosea, nikatazama filamu. Barafu ilikuwa inayeyuka. Kila ngazi anayopanda, inapungua. Alipofika juu alibisha hodi, akavua kofia, akamkabidhi mama mwenye nyumba kipande cha ukubwa wa sabuni, kwa heshima zote. Nikacheka. Nilicheka hadi nikainama, na mke wangu akanishika goti, akicheka pia, akinitazama kama alivyokuwa akinitazama kabla hatujaoana. Nilifurahi. Naandika ukweli, nilifurahi sana.

Nilipoinama, kasha likadondoka kutoka kotini.

Shemeji akaliokota, akaona lake, kisha akaona jingine kabatini lenye pua kubwa kama kiazi. Akaniuliza kumbe nilitaka kasha? Si ningesema tu. Wao diski wanaiweka kwenye kopo la biskuti. Akanipa.

Jumapili, tarehe 11

Uso umekamilika! Bwana Kofia ana pua.

Jioni walikuja wote, hata mama mkwe. Mke wangu alipanga viti, akaniletea mkasi kwenye sahani, akasema jana nimecheka, kwa hiyo nichague mwenyewe kasha la kufungua. Hakuwa na kejeli. Nikachukua namba moja. Nikaweka ncha ya mkasi kwenye nailoni. Watoto wakasogea.

Nikasema mashine ya kuchezea diski imeharibika.

Shemeji akainuka aitazame. Nikamzuia. Mke wangu akauchukua mkasi na sahani yake, akarudi navyo jikoni. Wengine wakaondoka naye kwenda kwa shemeji. Nilibaki na Bwana Kofia, na hapo ndipo nikagundua jambo la kutisha. Namba sita haina nailoni. Uso wote unang'aa, pua imefifia.

Jumatatu, tarehe 12

Cherehani ipo sebuleni. Rafu ipo koridoni. Anayetoka kuoga anakutana na Bwana Kofia uso kwa uso. Si mahali pabaya sana, mwanga wa bafuni unamfaa.

Kampuni imetangaza toleo jipya, lililosafishwa upya zaidi, ambalo migongo yake inaonyesha mpaka tai. Nimeshaagiza.

Shemeji ametuletea mashine yake na kopo la biskuti. Wako sebuleni na ile ya barafu. Mke wangu amekuja hadi hapa koridoni kuniambia nafasi yangu ipo, kando yake, na kwamba Bwana Kofia bado hajafika juu ya ngazi. Nimemwambia nakuja sasa hivi, namalizia kuifunga pua kwa nailoni ya jikoni. Akarudi sebuleni.

Sasa wanacheka. Nadhani amefika juu. Wanacheka kiasi kwamba ukuta unatetemeka na namba sita inachomoza. Nimewaomba kupitia mlangoni wapunguze.

Wamepunguza. Pua imekaa sawa.