Matufaha ya Gunvor

Jumatatu, 2 Septemba

Msimu wa kuwinda elki, kulungu mkubwa kama farasi, umefunguliwa katika misitu yetu ya Jämtland, huku kaskazini. Nimezeeka, mwalimu mstaafu mimi. Moyo wangu, asema daktari, hauahidi msimu mwingine. Basi naandika kweli tupu, nisije nikafa na uongo. Nataka elki mmoja tu, mwenye pembe pana kama mabeleshi, na nimwangushe mbele ya Sixten, mpinzani wangu wa miaka yote. Tatizo: macho. Gunvor, mkuu wa kundi letu, akijua sioni vizuri, nitapokonywa bunduki nikapike kahawa kambini. Afadhali kaburi!

Leo kura ya vituo vya kuvizia vya wiki nzima. Gunvor alichonga vijiti mwenyewe, maana mpika kahawa, mwenye kazi hiyo, hatuna mwaka huu. Kituo bora ni kinamasini. Nikajitolea kushika kofia, na kijiti cha kinamasini nikakibandika kwa ulimbo ndani kabisa, kinisubiri. Sixten akatumbukiza mkono wake mpana kama koleo. Kikamganda kidoleni! Akakung'uta, hakitoki. Akacheka kwamba kinamasi kimemchagua chenyewe.

Mimi? Kituo cha barabarani, jirani na mapipa ya taka.

Jumanne, 3 Septemba

Hakuna kitu. Sixten kaniuliza kwenye redio ya upepo, wote wakisikia, kama nimeshaangusha pipa.

Jioni nilipita uani kwa Gunvor. Matufaha yameanguka, yamechacha, yananuka kama kilabu cha pombe. Elki huyapenda kuliko mtoto pipi. Chambo ni mwiko kwa kundi letu. Nimebeba magunia mawili! Mgongo umelia njia nzima. Nimeyamwaga kituoni kwangu. Lakini akigundua? Nani huhesabu matufaha yaliyooza? Gunvor.

Jumatano, 4 Septemba

Ukungu. Redio mkononi. Kitu kirefu cha kahawia kikatoka msituni kikiyumba. Koti la Gunvor! Amefuata matufaha yake!

Nikavua kofia. Nikaungama yote: ulimbo, magunia, macho. Hata kwamba namwogopa yeye kuliko kifo. Akanipumulia usoni. Pombe! Gunvor, mwimbaji wa kanisani! Nikamsihi aketi, apumzike kidogo. Akageuka, na pembe zikapita juu ya kichwa changu.

Elki. Karibu nimshike sharubu. Akaondoka akipepesuka, wala sikukumbuka bunduki.

Nikatazama mkono. Kidole gumba kilikuwa kimebana kitufe cha redio tangu mwanzo.

Ikaja sauti ya Gunvor: "Mwalimu, mwambie huyo Gunvor wa hapo asiondoke. Nakuja."

Baadaye elki alilala fofofo kinamasini, mbele ya Sixten. Sixten akakataa kumpiga. Kasema yeye hamwonei mlevi.

Alhamisi, 5 Septemba

Hukumu: birika la kahawa. Nimekabidhi bunduki. Nililia; nikasingizia moshi. Sixten akanifunika blanketi magotini, akanong'ona, "Sasa mzee wangu, nitamtambia nani?"

Nimetubu. Ulimbo, chambo, wivu: basi. Nitakufa msafi.

Kisha Gunvor akanieleza kazi zangu. Kuchochea moto. Kukata mkate. Na, kwa desturi, kuchonga vijiti vya kura ya Jumatatu. Mimi peke yangu.

Kile kituo cha mlimani kina upepo mbaya. Sixten akikaa kule atashuka mapema kutafuta kahawa, na mtu wa kubishana naye.

Nimeazima kisu. Ulimbo ninao bado.