Baiskeli Haipandi Treni ya Jumatano

3 Agosti, Jumatatu

Binti yangu kapiga simu. Amepata nafasi chuo cha uuguzi! Miaka mitatu, mbali, na huko hata treni haifiki. Anaondoka kwa basi Jumapili alfajiri. Jumamosi jioni mama yake anamwandalia shughuli ndogo ya kumuaga. Akaniomba nije. Akasema nije tu, nisibebe kitu chochote.

Nisibebe kitu! Maneno hayo yamenichoma. Nina hakika yametungwa na mume wa mama yake, yule ninayemwita Bwana Tai kwa sababu hata akienda dukani kununua kiberiti lazima afunge tai. Ameshamnunulia sanduku la magurudumu. Huyo bwana ni wa kwanza kila mahali.

Binti yangu alipokuwa na miaka saba nilimwahidi baiskeli. Mwaka huohuo mimi na mama yake tukaachana, wakahama, na baiskeli ikabaki mdomoni mwangu miaka kumi na miwili. Nimekwenda kumwona mara nne tangu hapo. Mara zote nne mikono mitupu. Sasa baiskeli ninayo. Nimeinunua kwa jirani, nimeipaka rangi ya buluu, na kwenye fremu nimeandika BINTI WA FUNDI kwa herufi zenye kivuli. Mimi ni mchoraji mabango. Nusu ya mabango ya mji huu ni yangu, na nusu nyingine ni aibu tupu.

Treni ni Jumatano na Ijumaa, safari ni mchana na usiku mmoja. Nitapanda ya Jumatano, nipate siku tatu nzima na mwanangu. Kazi kwisha.

4 Agosti, Jumanne

Kazi haijaisha. Stesheni, dirisha la vifurushi, kuna mama mmoja mwenye mihuri sita mezani. Nimempa jina Bi Mihuri. Kaniambia baiskeli si mzigo wa mkononi. Baiskeli husafiri kwenye behewa la mizigo, na behewa la mizigo hufungwa kwenye treni ya Ijumaa tu. Tena iletwe siku moja kabla, imetolewa pedali, imegeuzwa usukani, imefungwa gunia, imeandikwa jina, ipimwe, igongwe mhuri. Nikamuuliza kama mwenye baiskeli naye hutolewa miguu. Hakucheka.

Halafu akanishauri, kwa upole kabisa, kwamba mimi nitangulie kesho nikakae na mwanangu, na baiskeli yeye ataipakia Ijumaa inikute hukohuko Jumamosi. Ushauri wa mtu asiyejua mambo ya watu. Nitokeze kwa Bwana Tai mikono mitupu kwa mara ya tano? Afadhali nisiende.

Ubao wa masharti juu ya kichwa chake umeandikwa na mtu aliyekuwa akitetemeka. Herufi zinapanda na kushuka. Ubao mbaya namna hiyo hauwezi kuwa sheria. Lakini nimeusoma wote, na mstari wa tisa unasema viti vya wagonjwa vinaruhusiwa kwenye treni zote. Nimerudi nyumbani nikipiga mluzi.

5 Agosti, Jumatano

Nimeifunga baiskeli kwa shuka jeupe na kuishonea kitambaa kilichoandikwa KITI CHA MGONJWA. Herufi nyekundu, zimenyooka, hospitali gani wanazo herufi kama hizo? Nikaanza kuamini mwenyewe.

Mkagua tiketi hakuamini. Akauliza mgonjwa yuko wapi. Nikasema ni mimi. Akauliza naumwa nini. Nikasema miguu. Akasema ameniona nikikimbia tangu getini na hicho kiti mabegani. Watu wakaanza kucheka. Nikajikaza, nikamweleza kwamba ugonjwa wangu huja na kuondoka.

Kengele ikapigwa. Yule bwana si mbaya, lazima niandike ukweli. Aliushikilia mlango ukiwa wazi, akaniambia, "Mzee, wewe panda. Hiyo iache hapo, karani ataitunza." Mguu wangu mmoja ulikuwa tayari kwenye ngazi. Nikautazama. Nikaushusha.

Treni ikaondoka na kiti changu, namba kumi na nne, dirishani, kitupu. Nimeisukuma baiskeli mpaka nyumbani na shuka lake. Jirani aliyeniuzia ametoka kunipa pole, akauliza nani anaumwa.

6 Agosti, Alhamisi

Mchana simu ikalia. Binti yangu yuko stesheni ya kwao, amekuja kunipokea. Nilisahau kumwambia kwamba sikupanda! Amengoja mpaka wafagiaji wamemaliza behewa la mwisho. Nikamwambia treni iliharibika. Akasema treni si hiyo hapo mbele yake. Nikasema iliyoharibika ni nyingine. Akasema sawa, baba. Hiyo sawa yake imenikaa kifuani tangu saa ile, maji hayaiteremshi.

Nikapiga moyo konde. Leo ndiyo siku moja kabla ya Ijumaa, basi nitafuata sheria, mara moja haidhuru. Pedali nikatoa, usukani nikageuza, gunia nikafunga. Ila nawajua wapagazi. Wanarusha mizigo kana kwamba imewatukana mama zao. Kwa hiyo pande zote nne za gunia nikaandika KIOO, herufi nyeusi, na chini yake nikachora bilauri iliyopasuka.

Bi Mihuri aliyasifu maandishi. Nikavimba kichwa. Halafu akasema kioo hakipokelewi. Nikasema si kioo, ni baiskeli. Akauliza kwa nini basi imeandikwa kioo. Nikasema ni ili waibebe kwa adabu. Akasema hapo nimetoa taarifa ya uongo, gunia lifunguliwe, mzigo ukaguliwe, fomu ijazwe upya, na dirisha linafungwa saa nane. Palikuwa na nafasi ya kutosha. Lakini sikuweza kuliacha jambo lipite hivihivi, nikamweleza kwa kirefu kazi ya maandishi katika maisha ya mwanadamu. Nilipofika kwenye herufi kubwa, saa nane ikagonga. Akanitakia mchana mwema na kuteremsha dirisha.

7 Agosti, Ijumaa

Naandika nikiwa ndani ya treni! Pamoja na baiskeli!

Wazo lilinijia wakati nanyoa ndevu. Sheria inasema kila abiria ana haki ya mzigo mmoja mdogo wa mkononi. Haisemi uwe mzigo wa nani. Nikaifungua baiskeli yote, nikaenda stesheni mapema, nikatafuta nyuso za huruma. Mwuza viatu mmoja kachukua gurudumu la mbele. Dada wawili wa kushona nguo wamechukua la nyuma. Bibi mmoja mwenye miwani kapakata usukani, kengele na yote. Fremu ninayo mwenyewe, imevaa koti langu. Cheni iko mfukoni mwa suruali pamoja na daftari hili, ndiyo maana kurasa zina grisi. Tulipompita mkagua tiketi nilimsalimu kwa heshima zote. Alihesabu mizigo yetu kwa macho, asiambulie kitu.

Behewa zima sasa linajua habari ya binti yangu. Bibi akaniomba nimsimulie yukoje. Nikasimulia. Anaogopa kuku. Halali bila taa. Akila huimba, ukimkataza huimba puani. Alikuwa akinishikia kopo la rangi nikiandika mabango, na akimwaga husema ni upepo. Bibi akauliza ana umri gani. Nikasema kumi na tisa.

Akanitazama juu ya miwani. "Hayo ya mtoto mdogo," akasema. "Sasa hivi anapenda nini?"

Nikajifanya naangalia nje. Sijui anapenda nini. Miaka yote hii sijawahi kumuuliza, na leo ndiyo nimeona, na inauma kuliko nilivyotegemea. Baiskeli ataipenda bila shaka.

8 Agosti, Jumamosi

Naandika kwenye benchi la stesheni ndogo ambayo sikuwa na sababu yoyote ya kuifahamu.

Saa kumi na mbili asubuhi treni ilisimama hapa, mimi nimelala fofofo. Mwuza viatu akateremka, kwao ni hapa, na kwa usingizi akateremka na gurudumu. Mtu mwaminifu, Mungu amsamehe. Alipogundua akalisimamisha kwenye nguzo, akaja kunigongea dirisha ili nisipotelewe na mali yangu. Nikaruka chini. Nikalishika. Treni ikaondoka.

Kwa hiyo baiskeli inakwenda kwa binti yangu bila mimi, na mimi nimebaki na gurudumu la mbele na cheni mfukoni.

Nikampigia. Akacheka sana, kicheko chake kilekile cha zamani, nikacheka nami. Akasema nitafute gari, bado ni mapema, nitawahi. Na kweli gari likapatikana! Stesheni masta alisimamisha pikapu ya kabichi inayokwenda mjini kwao, inafika saa kumi jioni. Dereva akasema mbele kuna nafasi ya mtu mmoja akijibana. Gurudumu hapana, na nyuma kabichi zimejaa mpaka juu. Stesheni masta akasema niliache kwake, kesho atalituma kwa treni ya mizigo, hata saini ataweka.

Nilikuwa karibu kukubali. Ndipo nikaiona baiskeli yake mwenyewe, imeegemezwa nyuma ya ofisi. Gurudumu lake la mbele limepinda. Nikaelewa ukarimu wote ule ulikotoka. Nikamshukuru dereva, nikamwambia atangulie.

Nimempigia binti yangu tena. Nimemweleza kwamba baiskeli isiyo na gurudumu la mbele si baiskeli, ni chuma tu, na kwamba nitakuja kesho na treni ya mizigo, gadi, msimamizi wa treni hiyo, amekubali kunipa nafasi kwenye behewa lake. Nikamwomba awaambie wa basi wamngoje kidogo. Nyuma yake nilisikia vyombo vikipangwa na watu wakiitana.

"Baba," akasema, "umekula?"

Nikasema nimekula. Sijala tangu jana.

9 Agosti, Jumapili

Nimefika saa tatu asubuhi. Basi limeondoka saa kumi na mbili.

Bwana Tai ndiye aliyefungua mlango. Hana tai! Kandambili na fulana, macho mekundu. Mama yake binti yangu amejifungia chumbani, analia tangu warudi kituo cha basi. Baiskeli ilikuwa uani. Nyuma imekamilika isipokuwa cheni, mbele imelazwa juu ya matofali mawili. Jana bibi wa kwenye treni alimkabidhi binti yangu vitu vyote vilivyobaki kwenye treni pale stesheni, hata kengele, na jioni wakaviunganisha wawili, yeye na Bwana Tai, wageni wakila.

Tukafunga gurudumu na cheni. Yeye akashika fremu, mimi nikakaza nati. Anajua kushika kitu kikatulia, nilikuwa simdhanii. Tulipomaliza akafuta mikono, akaniambia bila kunitazama, "Kaka, alikaa hapa uani mpaka wageni wote wakaondoka. Kila gari likipita anainuka."

Nikasema lile gurudumu lingeibwa. Akaenda kunitengenezea chai.

Basi halibebi baiskeli, kwa hiyo imebaki. Binti yangu ameacha salamu kwamba ni nzuri, na kwamba aliisoma ile BINTI WA FUNDI, na kwamba angefurahi zaidi kuniona. Nimekaa kwenye tofali nimelia. Bwana Tai alirudi na chai, akaona, akaweka kikombe chini na kuondoka kunipisha. Chai ilikuwa nzuri, na hilo nalo limeniudhi.

30 Agosti, Jumapili

Nina wiki mbili nyumbani. Baiskeli ilirudi pamoja nami kwenye behewa la mizigo. Bwana Tai aliipeleka stesheni siku moja kabla, akajaza fomu, ikagongwa mhuri, ikafika bila mkwaruzo. Bahati yake tu.

Leo simu. Binti yangu! Chuo kinawapeleka mafunzoni kwenye hospitali moja upande wa pili, na wakishashuka kwenye basi watapanda treni inayopita hapa kwetu Ijumaa, tarehe 11 Septemba. Inasimama dakika ishirini kubadilisha kichwa cha treni. Yeye atakuwa behewa la kwanza, dirisha la kushoto. "Dakika ishirini nzima, baba," akasema. "Nitashuka tukae tuzungumze. Nina mengi ya kukuambia."

Mara hii sikosei. Nimeshakwenda kwa Bi Mihuri kuuliza kila kitu. Mzigo wa abiria aliyekwisha panda hupokelewa treni ikiwa imesimama, kwenye mlango wa behewa la mizigo, na anayeuleta lazima awepo atie sahihi. Foleni haizidi dakika kumi na tano. Akanishauri nisimame mbele nikaonane na mtoto, baiskeli ifuate kwa treni nyingine wiki ijayo. Yule mama hajifunzi.

Behewa la mizigo liko mkiani kabisa, na la binti yangu liko mbele. Leo jioni nimeipima njia yote kwa mguu, kutoka mwisho mmoja wa jukwaa hadi mwingine, nikienda mbio. Dakika sita. Kumi na tano na sita ni ishirini na moja. Hiyo dakika moja haiwezi kunishinda.