Moyo wa Mashavu kwa Jina Langu

Jumatatu, 4 Agosti

Mama weee! Daktari wa Handeni kanisikiliza kifua, uso ukamkunjamana. Eti moyo wangu unapiga ovyo. Eti moyo wa hivyo hugandisha damu ndani kwa ndani, bonge likapanda kichwani, mtu akapooza mdomo. Nipooze mdomo! Mimi! Kanituma Korogwe, damu ipimwe kama inaganda, moyo upigwe picha. Mwanangu Faraji kaapa: nikionekana mgonjwa tu, nahama Misima, nakaa kwake Korogwe kwenye kochi kama mto. Muhogo wangu atapalilia nani? Ngedere?

Jumanne, 5 Agosti

Akili imekuja. Aende Mashavu, mke mwenzangu. Marehemu Sadala katuachia nyumba mbili zinazotazamana na ugomvi mmoja. Mashavu ana kifua kama pipa, hajawahi kumeza hata panado, na kila siku ananitangazia. Karatasi ya daktari ina jina langu, sura haina. Tukijitanda mtandio wote ni bibi tu. Nilipomwomba alicheka mpaka akakaa chini. Akauliza, nilimchukulia mume, sasa nautaka na moyo? Kakubali kwa jogoo wangu mwekundu. Mwizi!

Alhamisi, 7 Agosti

Korogwe. Mimi benchini, najifanya msindikizaji. Wakaita Mwanaisha, jina langu, Mashavu akaitika kwa maringo. Katoka anajipangusa uteute waliompaka kifuani, anasema kile kidude cha kupigia picha kimempapasa kuliko Sadala maisha yake yote. Tukacheka, nesi akatufokea.

Baadaye Daktari Hilaria akaja mbio, kamshika Mashavu bega. Bibi asiende popote! Moyo unapiga ovyo, kipimo cha damu kuganda kiko juu, na kwenye picha bonge limekaa ndani ya chumba cha moyo. Alazwe sasa hivi.

Kicheko kikanikauka. Mashavu akanikonyeza! Akaninong'oneza pole mwenzangu, kumbe unaumwa kweli. Jina si langu? Basi na ugonjwa kaona wangu. Akachukua pochi, huyoo, anawahi basi la Handeni.

Nikamrukia. Nimepiga kelele korido nzima: Mwanaisha ni mimi, moyo ni wa huyu! Daktari kaduwaa. Mashavu kakaa sakafuni, kashika kifua chake cha pipa.

Jumamosi, 9 Agosti

Mashavu kalazwa, anachomwa sindano za kuzuia damu isigande. Namlisha uji kwa kijiko, anautema, anasema nimetia chumvi kwa makusudi. Nimemwambia akithubutu kufa namfuata hukohuko nimchape. Nami nimepimwa. Bonge sina, lakini moyo bado ovyo, vidonge lazima. Kochi la Faraji nimeshalikalia. Lina mashimo.

Jumatatu, 18 Agosti

Mashavu karuhusiwa, yuko nami hapa kwa Faraji! Tunameza vidonge pamoja, tunatukanana vizuri. Mwezi ujao napimwa damu kama dawa imekaa sawa. Faraji kasema majibu yakiwa mazuri, narudi Misima kwenye muhogo wangu.

Leo wifi yangu Swaumu kaja kutuona. Mwembamba, mwepesi, hajapata hata mafua. Nimemtazama. Mashavu naye kamtazama. Kasema mwezi ujao atampeleka yeye mwenyewe akaitike jina langu, maana mlango wa kupimia anaujua.